Namna ya kupunguza au kuzima sauti ya modemu ya laini ya simu: mwongozo kamili kwa watumiaji wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu malalamiko ni yale yale kila mwezi. Mteja anafika kwenye meza yangu hapa Mtwara na kusema kwamba ameshusha sauti ya kompyuta mpaka mwisho, amechomoa hata waya wa spika, lakini modemu bado inapiga kelele kila inapotuma faksi. Mwingine anatoka Masasi au Newala na kusema kwamba aliandika amri aliyoelekezwa, akajibiwa OK, akalala kwa amani, na asubuhi kelele zikarudi kama kwamba hakufanya kitu. Wote wawili hawakukosea sana. Wa kwanza alishusha sauti mahali pasipohusika, na wa pili alitoa amri sahihi lakini hakuihifadhi, au aliihifadhi halafu programu yake ikaifuta.

Kabla ya kuendelea, niondoe mkanganyiko mmoja. Kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta chenye laini ya simu ya mkononi, ambacho wengi hukiita modemu, hakina milio tunayoizungumzia. Hapa ninazungumzia modemu inayounganishwa na waya wa simu ya mezani na kupiga namba, ambayo ofisi kadhaa bado zinaitumia kwa faksi au kwa kuwasiliana na mashine iliyo mbali.

Sauti inatoka wapi

Modemu nyingi zina spika yao wenyewe, ndogo kama kifuniko cha soda, iliyofungwa ndani. Spika hiyo haipokei chochote kutoka kwenye kadi ya sauti ya kompyuta. Inasikiliza laini ya simu moja kwa moja, na inamtii bwana mmoja tu, yaani modemu yenyewe. Ndiyo maana kushusha sauti kwenye skrini hakusaidii. Modemu inahitaji kuambiwa kwa lugha yake, na lugha hiyo ni amri fupi zinazoanza na herufi AT.

Vifaa vinavyohitajika

Andaa vitu hivi mezani kabla ya kugusa chochote:

- modemu yenyewe, ikiwa na umeme na waya wa simu uliochomekwa;
- kebo yake ya kompyuta, kama ni modemu ya nje;
- programu ya kuandikia amri: HyperTerminal kwa Windows XP na zilizotangulia, PuTTY kwa Windows za baadaye, au minicom kwa Linux;
- simu ya mezani ya kawaida, kwa ajili ya kusikiliza laini;
- simu yako ya mkononi, ambayo tutaipigia wakati wa majaribio;
- karatasi na kalamu.

Bisibisi na tepu ya umeme viweke kando. Huenda usivihitaji kabisa, na ningefurahi usipovihitaji.

Hatua ya 1: Tambua aina ya modemu uliyo nayo

Modemu ya nje ni kisanduku chenye taa kadhaa mbele. Kizungushe uangalie pembeni, nyuma na chini, kwa sababu baadhi zina kirungu kidogo cha kuongeza na kupunguza sauti. Kama kipo, kigeuze, na kazi yako imekwisha hapo hapo. Nimewahi kupokea modemu iliyosafirishwa kutoka Lindi kwa basi, na tiba yake ilikuwa kirungu cha pembeni kilichofunikwa na vumbi.

Modemu ya ndani ni kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta, na alama yake ni tundu la waya wa simu nyuma ya mashine. Hapa pana jambo la kuangalia. Baadhi ya kadi hizi, na modemu nyingi za kompyuta mpakato, hazina spika yao, bali hupitisha sauti kwenye mfumo wa sauti wa kompyuta. Fungua dirisha la viwango vya sauti la Windows na utafute kidhibiti kinachotaja simu, mara nyingi kikiandikwa "Phone". Kikiwapo, weka alama ya kukinyamazisha kisha ujaribu kupiga. Ukimya ukipatikana, huna haja ya kuendelea na amri.

Hatua ya 2: Isikilize kabla ya kuinyamazisha

Wasomaji wengi hutaka kuiruka hatua hii, nami nawasihi wasiiruke. Kelele za modemu ni taarifa. Anayezifahamu hutambua tatizo la laini kwa sekunde tano, na asiyezifahamu hununua modemu mpya bila sababu.

Iache ipige namba mara tatu au nne huku ukisikiliza kwa makini. Kwanza utasikia mlio mfululizo wa laini iliyo hai, ule ule unaousikia ukiinua mkono wa simu. Kisha zitafuata tarakimu zinazopigwa haraka, kila moja ikiwa na sauti mbili zilizochanganywa. Tarakimu 1, kwa mfano, ni hezi 697 na hezi 1209 kwa pamoja. Baada ya hapo simu ya upande wa pili itaita.

Upande wa pili ukipokea, kama nako kuna modemu ya data, husikika mlio mmoja mwembamba na mrefu wa hezi 2100, ambao kazi yake mojawapo ni kuiambia mitambo ya simu iache kuzuia mwangwi. Kwa modemu za biti 33,600 au 56,000 kwa sekunde, hufuata mtetemo mfupi ambapo mashine mbili zinaelezana uwezo wao, kisha sauti nyingi kwa pamoja zinazopima laini, na mwisho mvumo kama mvua kubwa juu ya bati. Mvumo ukikatika ghafla na kuwa kimya, mara nyingi maana yake ni kwamba zimeelewana na spika imejizima yenyewe.

Sasa zingatia mambo yasiyo ya kawaida. Ukimya mahali ambapo mlio wa laini ungepaswa kuwepo ni dalili kwamba waya umekatika au umechomoka. Mkwaruzo unaoendelea wakati wote, hasa katika nyumba zilizo karibu na bahari kama Mikindani na Shangani, mara nyingi hutoka kwenye kichwa cha waya ambacho pini zake za shaba zimeshika kutu ya kijani kwa sababu ya chumvi. Kichomoe ukitazame mwangani. Ukiona ukijani, kata kichwa hicho ufunge kipya kabla ya kuhangaika na sauti.

Nilijifunza uzito wa jambo hili katika ofisi moja mkoani Lindi. Fundi aliyenitangulia alikuwa amekata waya wa spika kwa sababu karani alichoshwa na kelele, na mipangilio ilikuwa inairuhusu modemu kupiga namba bila kusubiri mlio wa laini. Faksi ziliacha kwenda. Wakabadilisha modemu, wakabadilisha kompyuta, na kila jibu likawa NO CARRIER, yaani hakuna mawasiliano na upande wa pili. Nilipofika nilifuata waya kutoka chumba kimoja hadi kingine, nikakuta stoo simu ya pili ambayo mkono wake ulikuwa umelazwa juu ya gunia la korosho badala ya kuwekwa mahali pake. Modemu yenye sauti ingewaonyesha siku ya kwanza kwamba laini ilikuwa imeshikwa. Yule fundi hakuwa mtu mbaya, lakini aliondoa sikio la ofisi nzima ili kumpumzisha mtu mmoja.

Hatua ya 3: Pata jibu la OK

Funga kwanza programu zote zinazotumia modemu, zikiwemo za faksi zinazojificha pembeni mwa saa ya kompyuta. Programu mbili haziwezi kushika mlango mmoja, yaani njia ambayo kompyuta huitumia kuzungumza na modemu, kwa wakati mmoja.

Fungua programu ya amri na uchague mlango ambao modemu imeunganishwa, kwa kawaida COM1 hadi COM4 katika Windows, au /dev/ttyS0 katika Linux. Modemu za USB katika Linux huonekana mara nyingi kama /dev/ttyACM0. Weka kasi 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimamia. Kisha andika:

AT

Bonyeza Enter. Modemu ikijibu OK, mmeelewana. Kwa usalama andika herufi A na T zote kubwa au zote ndogo, kwa maana modemu nyingi hazikubali mchanganyiko.

Usipoona hata herufi unazoandika, andika ATE1 bila kuziona na ubonyeze Enter, maana huenda modemu imezuiwa kurudisha maandishi. Ikibaki kimya, badilisha mlango. Ikibaki kimya katika milango yote, kagua kebo. Modemu ya nje inahitaji kebo ya kawaida iliyonyooka, si ile ya kuunganisha kompyuta mbili, na kwa macho kebo hizo mbili hufanana kabisa.

Hatua ya 4: Chagua kiwango cha sauti

Kuna amri za namna mbili. Herufi M huamua spika iwake wakati gani:

- ATM0: spika haiwaki kabisa.
- ATM1: spika inawaka tangu mwanzo wa kupiga mpaka modemu mbili zielewane, kisha inajizima.
- ATM2: spika inawaka muda wote, hata wakati data inapita.
- ATM3: spika imezimwa wakati wa kupiga tarakimu, kisha inawaka mpaka maelewano yapatikane.

Herufi L huamua ukubwa wa sauti: L0 na L1 ni ya chini, L2 ya kati, L3 ya juu. Katika modemu nyingi L0 na L1 hazitofautiani, kwa hiyo usidhani umekosea usiposikia tofauti. L0 si kuzima. Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote: mtu anaandika ATL0 akiamini kwamba sifuri ni kimya. Kimya ni M0.

Ushauri wangu kwa ofisi yenye watu ni M1 na L1 kwa pamoja. Kelele itakuwa ndogo, itadumu takriban nusu dakika, na bado utasikia laini ikiwa na hitilafu. M0 waachie wanaotuma usiku katika nyumba yenye mtoto aliyelala, au mahali ambapo kazi inahitaji utulivu kamili. M2 ni ya kutafutia hitilafu tu. Ukiisahau utasikia mvumo ule wa mvua ya bati tangu mwanzo wa mawasiliano hadi mwisho wake.

Amri zinaweza kuunganishwa katika mstari mmoja:

ATM1L1

Jibu linalotakiwa ni OK. Likija ERROR, andika kila amri peke yake ili ujue ni ipi inayokataliwa. Modemu nyingine, hasa za ndani, hujibu OK kwa amri ya L lakini hazibadilishi chochote. OK inathibitisha tu kwamba amri imepokelewa, kwa hiyo sikio lako ndilo litakalohukumu.

Hatua ya 5: Jaribu kwa kupigia simu yako ya mkononi

Andika ATDT ikifuatiwa moja kwa moja na namba yako ya mkononi, kisha Enter. Ofisi zinazohitaji kubonyeza 9 kupata laini ya nje ziandike 9 na mkato kabla ya namba, kwa sababu mkato huifanya modemu itulie kidogo, kwa kawaida sekunde 2.

Simu yako ikianza kuita, usiipokee. Umeshapata ulichokuwa unakitafuta: umesikia mlio wa laini, tarakimu na mwito, kwa kiwango kipya cha sauti. Bonyeza kitufe chochote cha kibodi ili modemu ikate. Itajibu NO CARRIER, na hapa jibu hilo si kosa.

Kama ulichagua M0, mafanikio yake ni simu ya mkononi kuita huku modemu ikiwa kimya kabisa. Modemu ikiwa kimya na simu nayo isiite, hujafanikiwa kuzima sauti, bali modemu haipigi. Rudi Hatua ya 2.

Simu ya mezani iliyo kwenye laini hiyo hiyo inaweza kutoa vimlio hafifu wakati modemu inapiga tarakimu. Vimlio hivyo havitoki kwenye modemu, na hakuna amri ya AT itakayovizima.

Hatua ya 6: Hifadhi, la sivyo umeme utakufutia

Mpangilio uliouweka sasa uko katika kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika, na sote tunajua kwamba hukatika, modemu itawaka tena na mipangilio yake ya awali. Andika:

AT&W

Ukijibiwa OK, zima modemu, subiri sekunde kumi, iwashe, kisha rudia jaribio la Hatua ya 5 bila kuandika tena M wala L. Usiliache jaribio hili. Wengi wanaokuja kulalamika kwangu walifika hapa wakaridhika na OK bila kuzima na kuwasha.

Unaweza pia kuandika AT&V, ambayo katika modemu nyingi huonyesha mipangilio iliyopo na iliyohifadhiwa. Tafuta M na L katika orodha hiyo na unakili orodha yote katika karatasi yako.

Modemu nyingine hujibu ERROR kwa AT&W kwa sababu hazina kumbukumbu ya kudumu. Nyingine za nje zina swichi ndogo nyuma, na mojawapo huamua kama modemu ianze na mipangilio yako au ya kiwandani. Kama hifadhi haishiki, angalia swichi hizo katika kijitabu cha modemu yako. Kama hazipo, hatua inayofuata itakutosha.

Hatua ya 7: Izuie programu isifute ulichohifadhi

Programu nyingi huituma modemu mfululizo wa amri za maandalizi kila mara kabla ya kupiga. Katika mfululizo huo kunaweza kuwa na amri ya kurudisha mipangilio ya kiwandani, AT&F, au amri nyingine ya sauti inayopingana na yako. Modemu hufuata amri ya mwisho iliyopewa kabla ya kupiga. Kwa hiyo amri yako lazima iwe ya mwisho.

Katika Windows XP pana sehemu tatu zinazogusa sauti, na zote zinapaswa kusema jambo moja:

1. Fungua "Control Panel", kisha "Phone and Modem Options", ukurasa wa "Modems". Chagua modemu, bonyeza "Properties", nenda ukurasa wa "Modem". Kitelezi cha "Speaker volume" kisogeze kwenye "Off" au kiwango cha chini.

2. Katika dirisha hilo hilo nenda ukurasa wa "Advanced". Katika kisanduku cha "Extra initialization commands" andika M1L1, au M0 ukitaka kimya. Bonyeza OK ufunge madirisha yote.

3. Fungua "Network Connections", bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya muunganisho unaoutumia, chagua "Properties", kisha "Configure". Ukitaka kimya, ondoa alama kwenye "Enable modem speaker". Sehemu hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo chanzo cha mtu kuzima kule na kelele zikatokea huku.

Katika Linux, wanaotumia wvdial, programu ya kupiga namba, wafungue faili la /etc/wvdial.conf, ambamo amri za maandalizi huandikwa katika mistari ya Init. Mstari wa Init1 kwa kawaida ni ATZ, unaorudisha mipangilio iliyohifadhiwa. Ongeza mstari mpya chini ya mistari mingine ya Init:

Init3 = ATM1L1

Amri yako ikitumwa kabla ya ATZ, itafutwa sekunde hiyo hiyo. Wanaotumia minicom kupiga namba wakague mstari wa maandalizi katika mipangilio ya modemu, kwa sababu unaweza kuwa na L1 ndani yake tayari.

Programu za faksi nazo huwa na kisanduku chao cha amri za maandalizi. Weka humo amri ile ile.

Mafanikio ya hatua hii ni haya: umezima kompyuta na modemu, umewasha vyote viwili, umetuma faksi au kuunganisha kwa njia yako ya kila siku, na sauti imebaki pale ulipoiweka.

Hatua ya 8: Modemu isiyotii amri

Ikiwa L haifanyi kazi na M0 huitaki, punguza sauti kwa mkono. Tafuta vitundu vidogo vya spika, mara nyingi chini ya kisanduku au pembeni, na ubandike kipande kimoja cha tepu juu yake. Ongeza cha pili ikihitajika. Usizibe matundu ya kupitishia hewa; joto la pwani yetu linatosha bila kuongezewa, na modemu iliyozibwa huchemka.

Kufungua modemu ni njia ya mwisho. Chomoa umeme, kisha chomoa waya wa simu, na usiache huo wa pili hata kama unafanya haraka. Laini ya simu ina takriban volti 48 ikiwa imetulia, na simu inapoingia volti za kuita zinaweza kufika 90, kiasi cha kumshtua mtu vibaya. Kama spika imeunganishwa kwa waya zenye plagi ndogo, ichomoe plagi na ufunge ncha kwa tepu ya umeme. Usiziunganishe ncha mbili pamoja, kwa sababu unaweza kuunguza sehemu inayoilisha spika. Kama spika imelehemiwa kwenye bodi, iache hapo na ubandike tepu juu ya tundu lake.

Sikati waya wa spika wa mteja yeyote.

Hatua ya 9: Andaa njia ya kurudisha sauti

Siku faksi zitakapogoma, jambo la kwanza ni kusikia tena. Fungua programu ya amri, andika ATM1L3X4, na upige namba hapo hapo kwa ATDT bila kuifunga programu. X4 huifanya modemu isubiri mlio wa laini na kukujibu NO DIALTONE usipokuwepo, au BUSY namba ikiwa inatumika. Usiandike AT&W, ili ukimaliza uchunguzi uizime na kuiwasha na irudi kwenye utulivu wake.

Andika amri hizo mbili, ya kunyamazisha na ya kurudisha sauti, kwenye kipande cha karatasi, ukifunike kwa selotepu kisishike unyevunyevu, na ukibandike juu ya modemu mahali ambapo karani atakayekuja baada yako atakiona.